Wapiga Muziki wa Udongo: Vyungu vya Ugiriki Vikisomwa kutoka Tseikuru

Chungu cha Mkamba hakina mtu. Mbisu, kile chungu cha kupikia kilichokuwa jikoni kabla sufuria haijafika, kina tumbo la duara, mdomo uliopinduka kidogo na masizi ya miaka. Karibu na mdomo huwa na alama fupi ambazo mfinyanzi alizikwaruza udongo ukiwa bado mbichi, ili kazi yake itambulike. Alama hizo si za bure, na mwaka 1981 Nancy Gill aliziandikia tasnifu nzima ya udaktari. Ila hazichori kitu. Hakuna mcheza ngoma, hakuna ngoma yenyewe, hakuna hata mbuzi. Mtu wa Tseikuru, kule kaskazini mwa Kitui ambako nchi kavu inateremka kuelekea Mto Tana, anaweza kukua akisikia ngoma ya kilumi tangu mgongoni mwa mamake na asione hata siku moja sura ya mpiga ngoma kwenye kitu cha udongo.

Sasa msimamishe mtu huyo mbele ya kabati la vyungu vya Ugiriki ya kale. Kila anakogeuka kuna mtu anapiga kitu. Kijana anapiga kinubi, mwanamke anapuliza zumari mbili kwa pamoja, mlevi anaimba kichwa kikiwa nyuma, mungu anacheza, mwalimu anamrekebisha mwanafunzi vidole. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kuhusu picha hizo zinasema nini juu ya muziki uliopigwa kweli. Wapo wanaozisoma kama picha za kamera, na wapo wanaosema ni ndoto za wanywa divai. Hoja yangu ni kwamba picha ya chungu hupima heshima, starehe na mfuko wa mnunuzi kuliko inavyopima muziki wenyewe, na kwamba mtu aliyetoka mahali ambapo chungu hunyamaza ana jicho zuri zaidi la kuliona hilo kuliko aliyezoea vyungu vinavyosema.

Kwanza wingi. Hifadhidata ya vyungu iliyoko Oxford, inayobeba jina la John Beazley, ina rekodi zaidi ya 100,000. Beazley (1885–1970) alitumia maisha yake kutambua mikono ya wachoraji ambao hawakuandika majina yao. Alitazama jinsi kila mmoja alivyochora sikio, kifundo cha mguu, mkunjo wa nguo. Ndiyo sababu tunasema Mchoraji wa Berlin au Mchoraji wa Achilles. Majina hayo ni ya kubuni, yametokana na jumba la makumbusho au chungu fulani, na wenyewe hawakuitwa hivyo na yeyote. Sehemu kubwa ya kazi ya wachoraji hao ilifanyika Athene katika karne ya 6 na ya 5 kabla ya Kristo, lakini muziki ulianza kuingia kwenye udongo mapema zaidi. Jagi la Dipylon, lililofukuliwa Athene mwaka 1871, ni la karibu mwaka 740 KK. Hakuna mcheza ngoma aliyechorwa juu yake, ila limekwaruzwa maandishi, miongoni mwa ya kale kabisa katika alfabeti ya Kigiriki, yanayosema kwamba ni zawadi ya mcheza dansi aliyewashinda wenzake. Karne moja baadaye, kwenye jagi la Korintho linaloitwa Chigi, kijana mpuliza zumari anatembea katikati ya safu za askari wenye mikuki akiwapangia hatua. Na kufikia karibu mwaka 570 KK, Kleitias mchoraji na Ergotimos mfinyanzi walipotia sahihi kwenye mtungi mkubwa uliopo Florence, Kalliope, mmoja wa miungu wa kike wa sanaa, anapuliza mabomba ya mwanzi huku akitutazama usoni. Mtungi huo una kisa chake. Mwaka 1900 mlinzi wa makumbusho aliyekasirika aliurushia kigoda ukawa vipande 638. Uliunganishwa upya.

Kabla ya kuuliza picha zinasema nini, ni vizuri kujua kwa nini zilikuwepo, maana si suala la kipaji. Udongo wa Attika, jimbo la Athene, una chuma kingi. Mfinyanzi alikizungusha chungu kwenye gurudumu, na mchoraji akatumia udongo ule ule, uliochujwa hadi ukawa laini kama maziwa, badala ya rangi. Halafu ulikuja moto wa awamu tatu ndani ya joko la kufunga. Awamu ya kwanza hewa iliingia na chungu chote kikawa chekundu. Awamu ya pili, joto likikaribia nyuzi 900 na zaidi, matundu yalizibwa na kuni mbichi zikatiwa, moshi ukajaa, kila kitu kikageuka cheusi. Awamu ya tatu hewa ilirudishwa. Mwili wa chungu, wenye vinyweleo, ulirudi kuwa mwekundu, lakini ile sehemu iliyopakwa udongo laini ilikuwa imeshayeyuka kidogo na kujifunga, ikabaki nyeusi ya kung'aa. Mchoraji alifanya kazi yake yote bila kuona rangi hizo mbili. Alizikuta joko lilipofunguliwa.

Mfinyanzi wa Kikamba, ambaye kwa desturi ni mwanamke, hujenga chungu kwa mkono bila gurudumu na kukichoma uwanjani chini ya kuni na nyasi. Hewa huingia inakotaka. Wekundu na weusi hukaa pale moto ulipopenda, na mchoro wa namna ya Athene usingesimama. Zaidi ya hapo, chungu hicho ni cha kuchemsha isio mpaka mahindi na maharagwe yaive, kila siku juu ya mafiga. Hata kingechorwa malaika, wiki ya kwanza wangekuwa masizi. Vyungu vya Athene tunavyovisifu vilikuwa vya divai, maji, mafuta na makaburi. Vyungu vya kupikia vya Waathene vilikuwepo, na vingi havikuchorwa chochote.

Ala zenyewe zinatambulika kwa urahisi, hasa kwa mtu wa Kenya. Lyra ni gamba la kobe lililotandwa ngozi, lenye mikono miwili, kijiti cha juu na kwa kawaida nyuzi saba za utumbo. Ilikuwa ala ya mtu wa kawaida na ya mwanafunzi. Barbitos ni dadake mrefu mwenye sauti nzito, wa karamu. Kithara ni ya mbao, kubwa, yenye kazi ya useremala, na huishika mtaalamu wa mashindano. Aulos ni mabomba mawili yanayopulizwa pamoja. Vibandiko vya zamani vya makumbusho viliyaita filimbi, na hilo ni kosa la wazi, kwa sababu yana ulimi wa mwanzi mdomoni kama nzumari ya pwani yetu. Aliyewahi kumtazama mpiga nzumari Lamu au Mombasa mashavu yakiwa yamejaa hewa, akivuta pumzi puani huku sauti haikatiki, ataelewa mara moja kwa nini wachoraji wa Athene walimchora mpuliza aulos na mashavu yaliyovimba, wakati mwingine yakiwa yamefungwa mkanda wa ngozi kuyazuia. Wagiriki wenyewe walisimulia kwamba mungu Athena alizitupa zumari hizo alipoona zinavyomharibu uso.

Vinubi vya jamii ya lyra vilikufa Ulaya kama ala za kila siku. Afrika Mashariki vingali hai. Waluo wana nyatiti ya nyuzi nane, Wabukusu wana litungu ya nyuzi saba, Wagusii wana obokano yenye sauti nzito ya kutikisa kifua. Ethiopia wana krar na begena, na ng'ambo ya bahari, Oman, Kuwait na Bahrain, watu wenye asili ya Afrika wanapiga tanbura katika ngoma za kupunga pepo. Wakamba hawamo sana katika orodha hiyo. Wao ni watu wa ngoma, na kwa upande wa nyuzi walikuwa na mbebe, zeze la uzi mmoja. Lakini jirani akimtazama mpiga nyatiti anajifunza jambo ambalo chungu hakiwezi kumfundisha. Mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mwili wa kinubi, na njuga huwa kwenye kifundo cha mguu. Nusu ya mdundo inatoka mguuni. Mchora vyungu angeichora pete ile vizuri sana, na mtazamaji baada ya miaka 2,500 angesema: pambo.

Hebu tukikaribie chungu kimoja. Kiko New York, kwenye jumba la Metropolitan, ni cha karibu mwaka 490 KK, na Beazley alikitambua kuwa cha Mchoraji wa Berlin. Ni mtungi wa mikono miwili uliopakwa weusi mwili mzima. Katikati ya weusi huo amesimama kijana mmoja peke yake. Mchoraji hakumchorea jukwaa wala umati. Kichwa amekitupa nyuma, mdomo uko wazi, anaimba. Kithara ameiegemeza kifuani, imeshikiliwa na mkanda kwenye kiganja cha kushoto, na kitambaa kirefu chenye mapambo kinaning'inia kutoka kwenye ala. Vidole vya mkono wa kushoto vimenyooka nyuma ya nyuzi. Mkono wa kulia umemaliza kuzifagia nyuzi kwa plektron, kile kikwaruzo kilichofungwa kwa kamba kwenye ala, na sasa umetanda mbali na mwili. Vazi limeyumba upande. Kutokana na myumbo huo wa nguo tunajua kwamba mwili nao ulikuwa unacheza. Ukizunguka upande wa pili unamkuta mtu mzima mwenye fimbo, mkono mmoja mbele: mwamuzi wa mashindano au mwalimu. Mtungi wenyewe unawatenganisha, kwa hiyo huwezi kuwaona wote wawili kwa wakati mmoja. Mchoraji amekufanya uuzunguke ndipo ujue kwamba yule anayeimba kwa furaha kiasi hicho anahukumiwa.

Ile mistari ya nyuzi nayo ni kazi ya pekee. Udongo mzito ulivutwa kwa kitu chembamba, labda unywele, ukaacha mstari ulioinuka kidogo kiasi cha kuguswa kwa kidole. Lakini hapo hapo ndipo mashaka yanapoanza. Ule mkono wa kushoto nyuma ya nyuzi unafanya nini? Unazizima zile zisizotakiwa, ili mfagio wa plektron utoe sauti teule? Au unazidonoa? Wanaotengeneza upya ala hizo wamejaribu njia zote mbili na zote hutoa muziki. Tena hata idadi ya nyuzi hubadilika kutoka chungu hadi chungu, na mara nyingi sababu ni nafasi iliyobaki kwenye udongo. Kumhesabia mchoraji nyuzi na kujenga juu yake nadharia ya mizani ya sauti ni kumdai mtu deni asilokopa.

Wachoraji walilijua tatizo la sauti na walihangaika nalo. Kwenye mtungi wa Mchoraji wa Kleophrades ulioko British Museum, mghani wa mashairi amesimama jukwaani na fimbo, na maneno yanamtoka mdomoni herufi kwa herufi, yakielea mbele ya uso wake. Upande wa pili yuko mpuliza aulos, na kutoka kwake hakitoki kitu, kwa sababu zumari haina herufi. Mmoja tu, kwa ninavyojua, alithubutu zaidi. Kwenye kifaa cha udongo kilichoko Eleusis, ambacho wanawake walikivaa pajani wakichambua sufu, mwanamke wa Kiamazoni anapuliza tarumbeta, na mbele yake zimeandikwa silabi za to na te zikijirudia. Mwaka 1984 Mfaransa Annie Bélis alieleza kwamba hizo ni silabi za kusomea sauti za tarumbeta. Ukiondoa hicho, kwa sauti za ala vyungu ni bubu. Wagiriki baadaye walikuwa na namna ya kuandika noti, na jiwe la kaburi la Seikilos lililoko Copenhagen limebeba wimbo mzima, lakini noti hizo hazikushuka kwenye udongo wa wachoraji.

Kama vyungu havituambii sauti, vinatuambia sana kuhusu hadhi, na hapa naviamini zaidi. Kikombe cha mchoraji Douris kilichopo Berlin, cha miaka ya 480 KK hivi, kinaonyesha shule. Upande mmoja mwalimu na mwanafunzi wamekaa wakitazamana, kila mmoja na lyra yake, vidole vikifuatana, na kando mtu amefungua gombo la mashairi mbele ya kijana aliyesimama. Upande wa pili mwalimu anapuliza aulos na mwanafunzi anasikiliza, na mwingine anashika vibao vya kuandikia. Ukutani zimetundikwa ala. Pembeni ameketi mzee na fimbo, pengine yule mtumwa aliyempeleka mtoto shule na kumngoja. Muziki na kusoma viko kwenye chumba kimoja na vina uzito mmoja. Karibu karne moja na nusu baadaye Aristotle, katika kitabu cha nane cha Siasa, anasema aulos haifai kwa watoto wa watu huru, na anakiri kwamba baada ya vita na Waajemi Waathene walikuwa wameipenda kupita kiasi. Kikombe cha Douris ni ushahidi kwamba Aristotle hakuwa anazua.

Pia kuna wasiopenda shule. Douris huyo huyo alichora kikombe kilichopo Munich ambapo kijana Herakles anamuua Linos, mwalimu wake wa muziki, kwa kipande cha kiti kilichovunjika. Kwenye kikombe kingine kilichoko Schwerin, Ujerumani, nduguye Iphikles amekaa kwa utulivu akifundishwa na Linos, huku Herakles akija nyuma na bibi kizee mwenye chale mwilini, aitwaye Geropso, aliyembebea lyra. Bibi huyo mwenye mgongo uliopinda ni Mthraki, mgeni na mtumwa, na ndiye anayebeba ala ambayo hataipiga. Nadhani mchoraji alimpenda kuliko shujaa.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo picha nyingi hufunguka. Kwenye mtungi wa mchoraji Euphronios ulioko Louvre, upande wa nyuma wa pigano la Herakles na jitu Antaios, mpuliza aulos aitwaye Polykles anapanda jukwaani huku vijana walioketi wakimngoja. Jina lake limeandikwa. Mashindano ya muziki ya sikukuu ya Panathenaia yalilipa vizuri: orodha ya zawadi ya mwanzoni mwa karne ya 4 KK inampa mshindi wa kwanza wa kithara na kuimba taji la dhahabu la thamani ya drakma 1,000, pamoja na drakma 500 za fedha. Upande mwingine wa jiji walikuwepo wasichana wa aulos, waliokodishwa kwa karamu za wanaume, na hao ndio waliochorwa mara nyingi kuliko wanamuziki wengine wa kike. Katiba ya Waathene, kitabu kinachohusishwa na Aristotle, kinasema maofisa wa jiji walihakikisha hawalipwi zaidi ya drakma mbili, na wateja wawili wakimgombea mmoja, kura inapigwa. Kwa kipimo cha wakati ule, drakma moja ilikaribia ujira wa siku wa fundi. Kwa hiyo mwamba wa jukwaa ana jina na taji, na msichana wa karamu ana bei elekezi. Kwenye vyungu wote wawili wanapendeza sawa. Udongo haukuandika risiti.

Mtungi wa Pronomos, wa karibu mwaka 400 KK, unamalizia hoja hiyo ya hadhi. Ulipatikana Ruvo, kusini mwa Italia, mwaka 1835 na sasa uko Naples. Umechorwa kundi zima la mchezo wa jukwaani: wacheza kwaya wakiwa na vinyago mkononi, waigizaji, mungu Dionysos juu. Mshairi Demetrios, aliyeandika mchezo, ameketi kando na gombo lake. Katikati, kwenye kiti kizuri, na vazi lililojaa nakshi, yuko Pronomos wa Thebes, mpuliza aulos. Mtunzi yuko pembeni, mpigaji ndiye nyota. Mtu anayefuatilia muziki wa Nairobi leo hatashangaa.

Lakini angalia vitu hivi vilikopatikana. Mtungi wa Pronomos umetoka Ruvo. Ule wa mghani umetoka Vulci. Kikombe cha shule na mtungi wa Polykles vimetoka Cerveteri. Yote ni Italia, na Vulci na Cerveteri ni miji ya Waetruski, watu wasio Wagiriki, ambao walinunua vyungu hivi na kuzikwa navyo. Wenye karakana za Athene walimjua mteja. Mfinyanzi Nikosthenes alitengeneza mitungi ya umbo la Kietruski kwa ajili ya soko la Cerveteri. Kundi jingine la wachoraji, karibu mwaka 510 KK, liliwavisha wanariadha vitambaa viunoni kwa sababu Waetruski hawakupenda uchi wa Kigiriki. Basi tunaposema chungu kinaonyesha muziki wa Athene, tuongeze: kama Mwathene alivyokisia kwamba mgeni angependa kuuona.

Ukambani tunayajua mambo hayo kwa karibu. Uchongaji wa sanamu za mbao ulioanzia Wamunyu, Machakos, unahusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ukakua ukawa riziki ya maelfu, na Mombasa ukapata chama chake cha ushirika pale Changamwe. Wateja walikuwa watalii. Mkamba akachonga Mmasai na mkuki, twiga, tembo, na pia mpiga ngoma aliyekaa na ngoma mapajani. Mpiga ngoma huyo yuko leo kwenye rafu za nyumba za London na Chicago. Amechongwa vizuri. Ila mwenye kumtumia kama ushahidi wa jinsi ngoma inavyopigwa Ukambani, au hata wa nani huipiga, ataishia pabaya, kwa sababu kwenye kilumi wapigaji wakuu ni wanawake.

Na kwa upande wa wanawake vyungu vya Athene vinaleta mzozo ambao haujaisha. Kuanzia katikati ya karne ya 5 KK wanaongezeka wanawake waliochorwa ndani ya nyumba, bila mwanamume, mmoja na lyra, mwingine na aulos, mwingine na kasha. Ni wake za raia? Ni miungu wa kike wa sanaa? Ni makahaba wa gharama? Kwenye chupa ya mafuta ya Mchoraji wa Achilles iliyoko Munich swali limejibiwa na maandishi, kwani chini ya mwanamke anayepiga kinubi pameandikwa Helikon, mlima wa miungu hao. Palipokosekana maandishi, kila mtaalamu huona anachokitafuta. Mchoraji wa Brygos alimchora Sappho akiwa na barbitos, amegeuka kumtazama mshairi mwenzake Alkaios, karibu karne moja baada ya Sappho kufa. Uso huo ni wa kufikirika, lakini ni picha ya mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa bado inaimbwa, na hiyo si habari ndogo.

Ambacho hakipo ndicho kinachonisumbua zaidi. Kuna kikundi kidogo cha vinyago vya udongo kutoka Boeotia, kiko Louvre, kinachoonyesha wanawake wakikanda unga huku mwingine akiwapulizia aulos ili mikono iende pamoja. Ni kitu cha kupendeza, na ni kinyago cha bei nafuu. Wachoraji wakubwa wa mitungi hawakuligusa jambo hilo ila kwa nadra. Nyimbo za kusaga, za kuvuna, za kubembeleza mtoto, zilizojaza masaa mengi kuliko karamu zote, hazikuwa na mnunuzi. Ukambani nyimbo za aina hiyo zina nyumba yake katika mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja, na watu wameimba wakichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na mabwawa ya mchanga. Hakuna aliyefikiri kuzichora. Zilikuwa kazi.

Kilumi yenyewe ingempotea kabisa msomaji wa vyungu. Ni ngoma ya wanawake, hasa watu wazima, inayopigwa kwa ajili ya aimu, roho za waliotangulia. Mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, au mvua ikigoma, wapigaji huitwa, na sadaka hupelekwa ithembo, mahali patakatifu penye miti mikubwa. Msweden Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani 1911 na 1912, aliielezea katika kitabu chake kuhusu Wakamba, na baadaye Paul Kavyu aliuchambua muziki wenyewe kwa masikio ya mwenyeji, kwanza mwaka 1977 na tena mwaka 1986 katika kitabu cha ngoma za Wakamba. Sasa fikiria maandishi hayo yote yamepotea. Ngoma ni gogo na ngozi, na mchwa wa Tseikuru hawabakishi gogo. Kinachobaki ni vigae vya mbisu na alama zake za kukwaruza. Mtaalamu ataandika, kwa uaminifu wote, kwamba hapa waliishi wafinyanzi hodari ambao hawakuacha dalili ya muziki. Ugiriki nako mbao na ngozi zilioza. Kaburi moja la karne ya 5 KK lililofunguliwa Athene mwaka 1981, lenye mabaki ya lyra, kinubi, aulos, vibao vya kuandikia na hata mafunjo, lilisisimua watu kwa sababu vitu vya namna hiyo karibu havipatikani. Bila vyungu, Athene ingekuwa kimya kama Tseikuru. Pamoja na vyungu, inasikika kama mji ambao watu wake hawakulala.

Nchini Kenya kilumi imeanza kupata picha zake, na zinakuja kutoka jukwaani. Katika tamasha la muziki la shule na vyuo, ngoma za Kikamba hushindanishwa kila mwaka, kilumi ikiwemo. Waamuzi huketi mbele na kalamu, saa inahesabiwa, mavazi ni sare, wasichana na wavulana wa rika moja wanaingia kwa mstari na kutoka kwa mstari. Wanacheza vizuri, na nisingependa waache. Hakuna mgonjwa katikati ya duara, hakuna mvua inayoombwa, na bibi mwenye ngoma yake amebaki nyumbani au, akibahatika, ameitwa kufundisha mazoezi wiki mbili. Kamera za simu zinachukua hayo, si usiku wa ithembo, ambako mara nyingi mtu mwenye kamera hakaribishwi. Mchambuzi wa baadaye akiokota picha hizo pekee ataandika kwamba kilumi ilikuwa mchezo wa watoto wa shule, ukichezwa mchana kwa dakika chache mbele ya watu watatu waliokaa mezani.